Wapishi wa Mpanda na Wanaowadharau

Miongoni mwa kata za Manispaa ya Mpanda iko moja iitwayo Mpanda Hotel. Neno hoteli limepanda cheo huko hata likawa jina la kata, lenye diwani wake, mhuri wake na mahali pake katika daftari la wapiga kura. Hakuna kata iitwayo Kwa Mama Ntilie. Naanza na jina hili kwa sababu limebeba ndani yake kosa ninalotaka kulipinga katika kurasa hizi: kwamba mahali pa kula ni nyumba yenye ubao mlangoni na kitambaa mezani, na kwamba mwanamke aliyeteleka sufuria tatu chini ya turubai karibu na kituo cha mabasi hana mahali pa kula, bali amechafua mahali pa watu wengine.

Wako watu wasemao, na wengi wao wamesoma, kwamba Mpanda hakuna chakula. Husema hivyo mtumishi aliyepangiwa kazi Katavi akitokea Moshi au Dar es Salaam. Husema hivyo msafiri wa siku mbili. Na la kusikitisha zaidi, husema hivyo kijana wa Mpanda mwenyewe, aliyekwenda kusoma Dodoma akarudi kwao wakati wa likizo. Ukimsihi aeleze maana ya maneno yake atakuambia kwamba hakuna mahali pa kukaa. Basi tulikuwa tukizungumza habari za chakula, naye ametuhamisha akatupeleka kwenye kiti. Mtu wa namna hii hakuonja akakataa. Alitazama benchi, akahukumu mchuzi.

Tuchukue sahani moja ya mchana, tuipekue kama mwanachuoni apekuavyo hati ya kale. Wali uliomo umetoka katika mashamba ya Kakese na Mwamkulu, yaliyo ndani ya manispaa yenyewe, au katika mabonde ya Mpimbwe upande wa kusini. Mgebuka aliyelala juu yake amevuliwa Ziwa Tanganyika, akapandishwa kutoka Karema au Ikola. Maharage huenda yamelimwa Katumba. Mafuta mekundu ya mawese yana historia ndefu pwani ya ziwa kuliko chupa yoyote ya mafuta yenye karatasi ya rangi. Kisamvu kimeungwa kwa karanga. Masika yakifika, misitu ya miombo hutoa uyoga, na mpishi hodari huupika kwa namna ambayo mlaji asiyeambiwa atadhani anakula nyama. Asali ya Inyonga nayo iko mjini kwa mwenye kuitaka. Ikiwa haya siyo chakula, basi nasi tuambiwe chakula ni nini.

Wala sahani hiyo haikujipika. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilifika Mpanda mwaka 1950, ikifuata madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba. Haikuletwa kwa ajili ya abiria, bali kwa ajili ya mawe. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Mawe yakakoma kusafiri, reli ikabaki, na watu wakabaki. Wenyeji wa nchi hii ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Wafipa waliingia kutoka kusini, Waha kutoka Kigoma, na tangu miaka ya 1970 Wasukuma wakateremka na ng'ombe wao. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalisukuma maelfu kuvuka mpaka, nao wakafunguliwa makazi ya Katumba mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978. Serikali ilikubali kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 mwaka 2010, ingawa vyeti vyenyewe vilianza kutolewa mwaka 2014 tu. Fikirini, jamani: watu wamelima miaka arobaini, wameulisha mji mihogo na maharage, na karatasi ya kuwaambia kwamba wao ni wa hapa imechelewa kuliko mavuno yote hayo. Mpishi hakuwacheleweshea. Yeye alikwisha kuyatia maharage yao katika chungu kimoja na samaki wa Wabende na maziwa mgando ya Wasukuma, na wateja wakala pasipo kuulizana cheti.

Ndiyo maana nasema kwamba mpishi wa mjini ni mwenye kuunda mji, wala si mpambe wake. Wapimaji wa viwanja huchora barabara. Lakini mtaa huanza kuwa mtaa pale mwanamke mmoja anapowasha jiko alfajiri. Waendesha bodaboda huegesha pikipiki zao karibu naye kwa sababu ya chai na chapati. Bodaboda wakiegesha, abiria huja. Abiria wakija, huja muuza vocha, fundi viatu, kinyozi, na mwisho mwenye nyumba hupandisha kodi. Kila mtu katika mnyororo huo huitwa mfanyabiashara, ila yeye aliyeuanzisha, ambaye huitwa kero.

Tuutazame pia uchumi wake, maana wasomi wetu wa uchumi hupenda kupita mbali nao. Huamka saa kumi usiku. Mchele ameuchukua kwa mali kauli kwa mwenye duka, naye atamlipa jioni. Maji ameyanunua kwa madumu. Mkaa ameununua kwa kopo, kwa sababu fedha ya gunia hupatikana mara chache, na kwa hiyo huulipia ghali kuliko tajiri anunuaye gunia zima. Ana daftari la wadeni: kibarua wa ujenzi ambaye hajalipwa, mlinzi, mwalimu ambaye mshahara wake haujaingia, mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyetoka machimboni bila kitu na kuapa kwamba wiki ijayo atapata. Daftari hilo ni benki. Latoa mkopo bila dhamana, bila fomu, kwa mtu ambaye benki yenye vioo isingemfungulia mlango, na mkopo wenyewe ni wa kitu ambacho mtu hawezi kukiahirisha hata siku moja. Mdeni akihama mji, hasara ni ya mpishi peke yake. Jumamosi hupeleka akiba yake kwenye kikoba au hucheza upatu na wenzake, nao upatu huo ndio unaonunua sufuria mpya au kulipa ada ya mtoto.

Serikali imemtazamaje mtu huyu? Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na chini ya kivuli chake wengi wa watu wa kazi kama yake walikamatwa mijini kwa hesabu ya wazururaji. Desemba 2018 upepo ukageuka: vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vikagawiwa kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mwenye nacho akaahidiwa kwamba hatasumbuliwa. Lilikuwa jambo la heri, nami silikejeli. Lakini kilikuwa cha mtu ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Gawanyeni kwa siku 365, mtapata kama shilingi 11,000 kwa siku. Ni mpishi gani awezaye kuwalisha watu thelathini kwa mauzo ya shilingi 11,000? Ingekuwa chini ya shilingi 400 kwa sahani, nyama na mkaa vikiwemo. Aliyeuweka mpaka huo alimdhania mpishi kuwa maskini kuliko alivyo, na kwa dhana hiyo akamlazimisha ama kusema uongo juu ya biashara yake ama kukosa ulinzi. Dharau haivai sura ya ukali siku zote. Mara nyingine huja na sura ya huruma.

Kisha mwaka 2021 ikaja amri ya kuwapanga upya wafanyabiashara wadogo nchini kote, waondoke kandokando ya barabara waende maeneo waliyotengewa. Kupanga mji si dhambi. Ila sufuria ya ugali si kama nguo za mitumba. Nguo isiponunuliwa leo itanunuliwa kesho; ugali wa leo kesho ni chakula cha mbwa. Mpishi akihamishwa hatua mia tano kutoka kwenye njia ya wateja, hakuhamishwa, amefungwa. Na mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo sehemu nne ni ya wanawake, ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikafunguliwa tena katika mwaka wa fedha 2024/25. Hiyo nayo hutaka kikundi, ilhali jiko hili ni la mtu mmoja, mwenye mkono wake na ladha yake. Wanawake watano hulazimika kubuni mradi wa pamoja wasioutaka ili kila mmoja apate fedha ya mradi wake anaoujua.

Najua jibu litakalotolewa, nalo ni zito: usafi. Ni kweli. Kipindupindu kimepiga nchi yetu mara nyingi, na mlipuko ulioanza mwaka 2015 ulitesa mikoa mingi kwa miaka kadhaa. Meko ya kando ya mtaro si mahali salama, na anayetaka kuyatetea kwa ushairi na akanywe kwanza maji ya mtaro huo. Lakini tufuate sababu hadi mwisho wake. Mwaka 1854 mtaa wa Soho huko London ulishikwa na kipindupindu, na tabibu aitwaye John Snow akaonyesha ya kuwa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Wakuu wa mtaa waling'oa mpini wa pampu. Hawakuwafukuza wapishi wa Soho. Sisi twafanya kinyume: pampu twaiacha, au twaacha kuiweka, na mpishi twamfukuza. Mtu asiye na bomba ataosha sahani arobaini katika beseni moja, hata kama angekuwa mjukuu wa tabibu. Yapasa halmashauri impe maji na mfereji, impime afya kama sheria itakavyo, kisha imwadhibu akiwa mchafu. Kumwadhibu kabla ya kumpa maji ni kumhukumu kwa kosa lenu wenyewe.

Na katika siku hizi umeingia wimbo mpya, wa nishati safi. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Misitu ya Katavi yajua vema gharama ya mkaa, na mapafu ya wapishi yajua zaidi. Kwa hiyo naliunga mkono lengo. Ninachokataa ni sherehe: mgeni rasmi, turubai la rangi, na mitungi midogo ya kilo sita yenye kichwa kimoja cha moto, iliyogawiwa kwa wapishi huku wakipigwa picha. Nani kati ya waliogawa amewahi kusonga ugali wa watu arobaini juu ya mtungi wa namna hiyo? Sufuria yenyewe ni pana kuliko jiko, na mwiko ukisukumwa, vyote hupinduka. Maharage huchemka saa tatu. Gesi ikiisha katikati, mpishi hana akiba ya kuujaza mtungi siku hiyo, basi hurudi kwenye mkaa, na ripoti huandikwa kwamba hana mwamko. Lau wangemwuliza kabla ya kununua, angewaambia ukubwa wa jiko atakalo, na kwamba fedha ya kujaza lazima iweze kulipwa kidogo kidogo, kama anavyonunua mkaa.

Sasa nawageukia wenye hoteli, ambao wengi ni watu wa bidii nami nimekula kwao. Kosa lao ni aibu. Mtu hujenga nyumba nzuri ya vyumba ishirini katika mji ulio karibu na Ziwa Tanganyika kuliko miji mingi ya Tanzania, kisha huandika katika orodha ya vyakula: chipsi kuku, chipsi mayai, chipsi mishikaki. Viazi mviringo havistawi katika joto la Mpanda. Huletwa kutoka nyanda za juu, Ufipa na kwingineko, vikasafiri kwa lori kuja kukaangwa mbele ya mgeni ambaye kwao amevila jana. Sisemi chipsi ni haramu. Kijana akaangaye chipsi usiku kando ya barabara afanya kazi halali, na mtaa humpenda. Nasema kwamba hoteli iliyoficha mgebuka, ugali wa muhogo na kisamvu, kwa kudhani kuwa ni vyakula vya aibu, imemdanganya mgeni wake juu ya mahali alipo. Mwenye hoteli hujitetea kwamba wageni hawaulizi. Wataulizaje kitu ambacho hakikuandikwa? Tena mgeni huyo huyo, ikifika saa saba mchana, utamwona akivuka barabara kwa miguu kwenda kwenye benchi la mama, na mpokezi wa hoteli ameketi hapo tayari.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hata ikawa na kilomita za mraba 4,471. Wageni wake wengi hushuka kwa ndege ndogo katika uwanja wa Ikuu, hutazama viboko waliosongamana katika matope ya Mto Katuma wakati wa kiangazi, kisha hurudi angani. Mpanda hawaioni. Hapa pana jambo ambalo wapishi wenyewe wameingizwa ndani yake bila kuulizwa. Mto ule ule wa Katuma ndio unyweshao mashamba ya mpunga juu yake, na watafiti wamekwisha kusema kwamba maji yazuiwayo huko juu ni sababu mojawapo ya mto kukauka hifadhini. Basi sahani ya wali ya stendi na kiboko wa Ikuu wananyang'anyana maji. Wahifadhi husema habari za kiboko, wakulima husema habari za mpunga, na aliyeshika mwiko katikati haalikwi mkutanoni. Naye ndiye ajuaye, kuliko wote, ni siku ngapi kwa juma mji waweza kula ugali wa muhogo badala ya wali pasipo kunung'unika. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane, wapishi ndio walioubadilisha mlo wa mji kwa siku tisini. Hakuna semina iliyowafundisha.

Watu wa lugha nao wasitoroke. Tazameni majina. Mgahawa umetokana na kahawa, neno tulilolipokea kutoka kwa Waarabu. Hoteli tumeipokea kutoka kwa Wazungu. Mama ntilie tumeliunda sisi wenyewe, nalo ni jina la ajabu, kwa maana halikutoka kinywani mwa mwenye kazi wala mwa bwana wa ofisi, bali mwa mwenye njaa ashikaye sahani: mama, nitilie. Kisha watu wa heshima wakaona jina hilo lina harufu ya moshi, wakalipendelea mama lishe, jina linalonukia warsha. Mimi sina ugomvi na mwanamke apendaye kuitwa mama lishe. Jina la mtu ni lake. Lakini tumefanya nini? Tumelisafisha jina, banda tukaliacha kama lilivyokuwa. Kuli wa bandarini amepata riwaya yake, Kuli ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1979. Kwa mpishi wa mjini, idara zetu za fasihi zimeridhika na tasnifu juu ya nahau za chakula, zilizoandikwa na watu ambao saa ya mchana huenda kwake kula kwa mkopo.

Wala tusidanganywe kwamba mambo haya hayawezekani. Singapore ilianza kuwaandikisha wapishi wake wa barabarani mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwaka 1986 ilikuwa imewahamishia karibu wote katika majengo yenye maji, taa na mifereji, yaliyojengwa pale pale watu wanapokaa na kupita. Mwaka 2016 kibanda kimoja cha humo kilipewa nyota ya Michelin, na mwaka 2020 UNESCO ikaitambua desturi yote kuwa urithi wa wanadamu. Mtasema Singapore ni tajiri. Ilipoanza haikuwa. Na kwetu pia, bustani ya Forodhani kule Unguja ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo, wauza vyakula walirudishwa humo, na hakuna mgeni afikaye Unguja asiyeelekezwa kwao. Forodhani haikupendeza kwa sababu ya vigae peke yake.

Kwa Mpanda nataka mambo machache, nayo si ya fedha nyingi. Kila soko au stendi itakayojengwa, meko yachorwe katika ramani ya kwanza, mbele, palipo na njia ya watu, wala si nyuma ya vyoo. Bomba lifike kabla ya mkusanya ushuru. Mpishi apewe haki ya mahali pake kwa miaka inayojulikana, iliyoandikwa kwa jina lake, ili aweze kununua jiko kubwa bila kuogopa mgambo wa Jumatatu. Na wenye hoteli wawaajiri wanawake hawa, si kwa kuosha vyombo, bali kwa kupika wanachokijua, kwa mshahara wa mpishi.

Kwa maana kazi nyingine imekwisha kuanza. Karema imejengwa bandari mpya, inayotazamana na Kalemie ng'ambo ya ziwa, kwa matumaini ya mizigo ya Kongo. Mizigo huleta makuli, madereva, mabaharia na maofisa wa forodha, na wote hao watakuwa na njaa saa saba. Bandari ina gati, ina ghala, ina jengo la utawala. Yeyote mwenye ramani yake na aifungue leo, atafute mahali palipoandikwa jiko. Asipopaona, basi ajue kwamba wanawake watakuja hata hivyo, watatandika turubai nje ya ukuta, na barua ya kuwaondoa itaandikwa na mtu aliyekwisha kushiba kwao.